Kupanga Data za Orodha kwa Makundi na Kuongeza Safu za Jumla Ndogo

Malengo ya mada

Ukimaliza kusoma mada hii uweze:
(a) kueleza maana ya kundi, jumla ndogo na jumla kuu;
(b) kuandika algoriti ya kuongeza safu ya jumla ndogo mwishoni mwa kila kundi;
(c) kuandika programu ya Python inayofanya kazi hiyo;
(d) kufuatilia programu hatua kwa hatua kwa jedwali;
(e) kutambua na kusahihisha makosa matano yanayowapotezea watahiniwa alama.

Istilahi za kukumbuka

- Orodha: mkusanyo wa vitu vilivyopangwa kwa mfuatano ndani ya kigeu kimoja.
- Safu: rekodi moja ya data, yaani mstari mmoja wa kulala katika jedwali.
- Ufunguo wa kundi: kipengele cha safu kinachotuambia safu hiyo ni ya kundi gani.
- Jumla ndogo: jumla ya kundi moja tu.
- Jumla kuu: jumla ya safu zote za data.
- Kitanzi: sehemu ya programu inayorudiwa.

1. Kwa nini tunapanga kwa makundi?

Orodha ndefu ya tarakimu haisemi mengi mpaka ipangwe. Mwenye duka hataki kuona risiti mia tatu zilizofuatana. Anataka kujua sukari imeingiza kiasi gani, unga kiasi gani, mafuta kiasi gani. Mwalimu wa taaluma anataka wastani wa kila mkondo. Kila mmoja anahitaji mambo mawili katika taarifa moja: safu zenyewe, ili aweze kuhakiki, na chini ya kila kundi mstari wa jumla yake. Mstari huo ndio safu ya jumla ndogo.

Katika mada hii tutatumia data halisi. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilitoa idadi hii ya watu kwa mikoa mitano ya Zanzibar:

| Kisiwa | Mkoa | Watu |
|---|---|---|
| Unguja | Kaskazini Unguja | 257,290 |
| Unguja | Kusini Unguja | 195,873 |
| Unguja | Mjini Magharibi | 893,169 |
| Pemba | Kaskazini Pemba | 272,091 |
| Pemba | Kusini Pemba | 271,350 |

Kazi yetu ni kutoa taarifa yenye jumla ndogo ya Unguja, jumla ndogo ya Pemba, na mwisho jumla kuu ya Zanzibar. Ufunguo wa kundi hapa ni kisiwa.

Kabla ya kuandika msimbo wowote, tafuta jibu kwa kalamu. Unguja ni 1,346,332. Pemba ni 543,441. Jumla kuu ni 1,889,773. Ukishakuwa na majibu haya pembeni, programu haiwezi kukudanganya.

2. Algoriti

Fikiria unavyofanya kazi hii kwa mkono. Unasoma safu moja baada ya nyingine huku ukijumlisha. Ghafla jina la kisiwa linabadilika. Hapo unasimama, unapiga mstari, unaandika jumla ya kisiwa kilichopita, unaanza hesabu upya kutoka sifuri, kisha unaendelea. Algoriti ni maelezo hayo hayo yaliyonyooshwa:

1. Weka jumla_ndogo = 0 na jumla_kuu = 0.
2. Weka kundi = ufunguo wa safu ya kwanza.
3. Kwa kila safu katika orodha:
   - Kama ufunguo wa safu si sawa na kundi: andika safu ya jumla ndogo; weka kundi = ufunguo mpya; rudisha jumla_ndogo kuwa 0.
   - Andika safu yenyewe.
   - Ongeza kiasi cha safu kwenye jumla_ndogo na kwenye jumla_kuu.
4. Baada ya kitanzi kwisha, andika safu ya jumla ndogo ya kundi la mwisho.
5. Andika safu ya jumla kuu.

Zingatia mambo mawili. Kwanza, swali "je, kundi limebadilika?" linaulizwa kabla ya kujumlisha. Pili, hatua ya 4 iko nje ya kitanzi. Kundi la mwisho halifuatwi na kundi jingine, kwa hiyo hakuna mabadiliko ya ufunguo yatakayoiamsha programu iandike jumla yake. Lazima tuiandike wenyewe.

3. Programu

```
mikoa = [
    ["Unguja", "Kaskazini Unguja", 257290],
    ["Unguja", "Kusini Unguja", 195873],
    ["Unguja", "Mjini Magharibi", 893169],
    ["Pemba", "Kaskazini Pemba", 272091],
    ["Pemba", "Kusini Pemba", 271350]
]

matokeo = []
kundi = mikoa[0][0]
jumla_ndogo = 0
jumla_kuu = 0

for safu in mikoa:
    if safu[0] != kundi:
        matokeo.append(["", "Jumla ndogo " + kundi, jumla_ndogo])
        kundi = safu[0]
        jumla_ndogo = 0
    matokeo.append(safu)
    jumla_ndogo = jumla_ndogo + safu[2]
    jumla_kuu = jumla_kuu + safu[2]

matokeo.append(["", "Jumla ndogo " + kundi, jumla_ndogo])
matokeo.append(["", "Jumla kuu", jumla_kuu])

for safu in matokeo:
    print(safu[0], safu[1], safu[2])
```

*Maelezo.* Python huhesabu nafasi za orodha kuanzia 0. Kwa hiyo safu[0] ni kisiwa, safu[1] ni mkoa na safu[2] ni idadi ya watu. Alama != maana yake ni "si sawa na". Amri append huongeza kitu mwishoni mwa orodha.

Kwa nini tumeunda orodha mpya ya matokeo badala ya kuchomeka jumla ndogo ndani ya orodha ya mikoa? Kwa sababu kitanzi kinaitembelea orodha ya mikoa kwa kufuata nafasi. Ukichomeka safu katikati huku kitanzi kikiendelea, safu zote zilizo mbele zinasogea nafasi moja, na kitanzi kinaweza kuisoma safu ile ile tena na tena bila kufika mwisho. Kanuni ya kushika: usibadilishe urefu wa orodha unayoitembelea, andika matokeo kwenye orodha nyingine. Faida ya ziada ni kwamba data za awali zinabaki safi.

Orodha ya matokeo itakuwa na safu 8: safu 5 za mikoa, 2 za jumla ndogo na 1 ya jumla kuu. Ukiulizwa idadi ya safu za taarifa, tumia kanuni hii: safu za data + idadi ya makundi + 1.

4. Jedwali la ufuatiliaji

Ukipewa programu na kuambiwa "onesha thamani ya kila kigeu katika kila mzunguko", chora jedwali kama hili. Thamani zilizoandikwa ni zile za mwisho wa mzunguko.

| Mzunguko | safu[1] | Kundi limebadilika? | kundi | jumla_ndogo | jumla_kuu |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 | Kaskazini Unguja | Hapana | Unguja | 257290 | 257290 |
| 2 | Kusini Unguja | Hapana | Unguja | 453163 | 453163 |
| 3 | Mjini Magharibi | Hapana | Unguja | 1346332 | 1346332 |
| 4 | Kaskazini Pemba | Ndiyo | Pemba | 272091 | 1618423 |
| 5 | Kusini Pemba | Hapana | Pemba | 543441 | 1889773 |

Tazama mzunguko wa 4 kwa makini. Programu iliandika kwanza 1346332 kuwa jumla ndogo ya Unguja, ikarudisha jumla_ndogo kuwa 0, ndipo ikaongeza 272091. Jumla kuu haikuguswa na sifuri hiyo; iliendelea kukua. Hadi mzunguko wa 3 vigeu hivi viwili vilikuwa sawa, na tofauti yao inaonekana kundi la pili linapoanza.

5. Makosa matano ya kuepuka

*Kosa la 1: Kusahau kundi la mwisho.* Mtahiniwa anaishia ndani ya kitanzi. Taarifa inatoka na jumla ndogo ya Unguja, kisha mikoa ya Pemba bila jumla yoyote. Tiba: andika safu ya mwisho nje ya kitanzi, kwa kurudi kwenye ukingo wa kushoto.

*Kosa la 2: Kutorudisha jumla_ndogo kuwa 0.* Programu haitalalamika. Itatoa jumla ndogo ya Pemba kuwa 1889773, yaani kisiwa kimoja kimebeba watu wa Zanzibar nzima. Fikiria mpango wa chanjo au wa madawati uliojengwa juu ya tarakimu hiyo.

*Kosa la 3: Kujumlisha kabla ya kuuliza.* Ukiweka mistari ya kujumlisha juu ya sharti la if, watu 272091 wa Kaskazini Pemba wataingia katika jumla ya Unguja, ambayo itakuwa 1618423. Kisha jumla_ndogo itarudishwa kuwa 0, na Pemba itabaki na 271350 tu. Jumla kuu itakuwa sahihi, kwa hiyo ukitazama mstari wa mwisho peke yake hutaona kasoro.

*Kosa la 4: Data ambazo hazijapangwa.* Tuseme mtu amepanga mikoa kwa alfabeti ya jina la mkoa: Kaskazini Pemba, Kaskazini Unguja, Kusini Pemba, Kusini Unguja, Mjini Magharibi. Kisiwa kitabadilika mara tatu, na programu itatoa jumla ndogo nne badala ya mbili: Pemba 272091, Unguja 257290, Pemba 271350, Unguja 1089042. Algoriti yetu haijui "Pemba" ni nini. Inajua tu kwamba ufunguo wa sasa unatofautiana na uliopita. Tiba ni kupanga orodha kwa ufunguo kabla ya kitanzi, na kabla ya mstari unaosoma mikoa[0][0]:

```
mikoa.sort()
```

Amri hii hulinganisha safu kwa kipengele cha kwanza, na vikilingana huenda kwenye cha pili. Baada ya hapo Pemba itatangulia Unguja, kwa kuwa P huja kabla ya U.

*Kosa la 5: Kujumlisha jumla.* Hili ndilo kosa la hatari zaidi kwa sababu linafanana na kazi nzuri. Mtahiniwa anamaliza kuongeza jumla ndogo, kisha anapata jumla kuu kwa kujumlisha safu zote za matokeo. Kila mtu atahesabiwa mara mbili: mara moja katika mkoa wake, mara nyingine katika kisiwa chake. Jibu litakuwa 3779546 badala ya 1889773. Tiba: jumlisha safu za data tu, au jumla ndogo tu, usichanganye.

Zingatia: Data zikisomwa kutoka kwenye faili au kuandikwa na mtumiaji, huingia kama maandishi. Python itakataa kujumlisha namba na maandishi. Zigeuze kwanza kwa int. Tena, int haikubali koma ya maelfu. "257,290" lazima iondolewe koma kabla ya kugeuzwa:

```
watu = int("257,290".replace(",", ""))
```

6. Njia ya pili: kutumia kamusi

Wakati mwingine hutaki kupanga orodha, labda kwa sababu unataka makundi yatokee kwa mfuatano wa kuonekana kwake. Hapo tumia kamusi. Kamusi katika Python ni kama kabati lenye droo zenye majina. Kila safu inapopita unaitupa katika droo ya kundi lake, hata kama safu za makundi zimechanganyika.

```
makundi = {}
for safu in mikoa:
    kisiwa = safu[0]
    if kisiwa not in makundi:
        makundi[kisiwa] = []
    makundi[kisiwa].append(safu)

matokeo = []
jumla_kuu = 0
for kisiwa in makundi:
    jumla_ndogo = 0
    for safu in makundi[kisiwa]:
        matokeo.append(safu)
        jumla_ndogo = jumla_ndogo + safu[2]
    matokeo.append(["", "Jumla ndogo " + kisiwa, jumla_ndogo])
    jumla_kuu = jumla_kuu + jumla_ndogo
matokeo.append(["", "Jumla kuu", jumla_kuu])
```

Sharti la if linaunda droo mpya pale tu kisiwa kinapoonekana kwa mara ya kwanza. Ukilisahau, Python itasimama na kusema ufunguo huo haupo. Ona pia kwamba hapa jumla kuu imepatikana kwa kujumlisha jumla ndogo peke yake, bila kugusa safu za data mara ya pili. Kosa la 5 limeepukwa.

Ulinganisho wa njia mbili

| Jambo | Njia ya kulinganisha ufunguo | Njia ya kamusi |
|---|---|---|
| Data zipangwe kwanza? | Ndiyo, lazima | Hapana |
| Kundi la mwisho | Huhitaji mstari wa ziada nje ya kitanzi | Hushughulikiwa kama mengine |
| Kumbukumbu | Hukumbuka kundi moja tu kwa wakati | Huhifadhi makundi yote |
| Hufaa zaidi | Faili kubwa iliyokwisha kupangwa | Orodha iliyochanganyika |

Je, wajua? Kazi ya kupanga na kuhesabu data za sensa ni miongoni mwa zilizozaa kompyuta za leo. Katika sensa ya Marekani ya mwaka 1890, mashine za Herman Hollerith zilihesabu watu kwa kusoma matundu katika kadi. Kampuni yake iliunganishwa na nyingine mwaka 1911, na mwaka 1924 kampuni hiyo ikaitwa IBM.

7. Kuhakiki jibu lako

Kabla ya kufunga karatasi, jiulize maswali matatu:

1. Je, idadi ya safu za jumla ndogo ni sawa na idadi ya makundi?
2. Je, jumla ndogo zikijumlishwa zinatoa jumla kuu? (1346332 + 543441 = 1889773.)
3. Je, jumla kuu ni sawa na jumla niliyoipata kwa mkono?

Jibu moja peke yake halitoshi. Kosa la 4 linapita salama katika maswali ya 2 na 3, lakini linanaswa na la 1. Kosa la 3 linapita katika la 1 na la 3, nalo la 2 halitalinasa kwa sababu watu wamehamishwa tu kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine. Kosa hilo hunaswa kwa kuhakiki angalau kundi moja kwa mkono. Kwa hiyo ongeza swali la nne: je, jumla ndogo ya kundi la kwanza ni sahihi?

Kumbuka pia kwamba jumla kuu ya ngazi moja ni jumla ndogo ya ngazi ya juu. Watu 1,889,773 wa Zanzibar wakijumlishwa na 59,851,347 wa Tanzania Bara wanatupa 61,741,120, idadi ya watu wote wa Tanzania katika sensa hiyo. Algoriti ni ile ile. Ufunguo ndio umebadilika.

8. Maswali ya kujipima

Tumia orodha hii ya mauzo ya duka la shule (shilingi):

```
mauzo = [
    ["Daftari", "Jumatatu", 12000],
    ["Daftari", "Jumanne", 9000],
    ["Kalamu", "Jumatatu", 4500],
    ["Kalamu", "Jumanne", 6000],
    ["Rula", "Jumanne", 2500]
]
```

1. Ufunguo wa kundi ukiwa bidhaa, taja jumla ndogo za makundi yote na jumla kuu.
2. Orodha ya matokeo itakuwa na safu ngapi?
3. Mtahiniwa alipata jumla ndogo hizi: Daftari 21000, Kalamu 31500, Rula 34000. Amefanya kosa gani?
4. Tuseme ufunguo ni siku, yaani safu[1], na orodha haijapangwa upya. Njia ya kulinganisha ufunguo itatoa jumla ndogo ngapi? Taja kila moja.
5. Taja mabadiliko mawili yatakayoifanya programu itoe jumla ndogo mbili tu katika swali la 4.

Majibu

1. Daftari 21000, Kalamu 10500, Rula 2500. Jumla kuu 34000.
2. 5 + 3 + 1 = 9.
3. Hakurudisha jumla_ndogo kuwa 0 kundi lilipobadilika, hivyo kila kundi limebeba jumla ya yaliyotangulia.
4. Nne: Jumatatu 12000, Jumanne 9000, Jumatatu 4500, Jumanne 8500. Safu mbili za mwisho zote ni za Jumanne, kwa hiyo zimeungana.
5. Mojawapo: kupanga orodha kwa siku kabla ya kitanzi. Nyingine: kutumia kamusi yenye siku kama ufunguo. Kwa vyovyote vile, Jumatatu itakuwa 16500 na Jumanne 17500. Angalizo: sort ya kawaida haitoshi hapa, kwa kuwa huanza kupanga kwa bidhaa, weka siku iwe kipengele cha kwanza cha kila safu, kisha panga.

Muhtasari

Linganisha kwanza, jumlisha baadaye. Kundi likibadilika: andika, badilisha, rudisha sifuri. Kitanzi kikiisha, usiliache kundi la mwisho. Panga data kabla ya kuanza, au tumia kamusi. Usijumlishe jumla juu ya data zake. Ukiyashika haya matano, fanya zoezi la sensa tena bila kutazama kitabu, ukianzia na kalamu na karatasi.